Mkwe na Keki ya Kijiko

Fundi wa friji alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, mkono umezama mpaka begani chini ya kochi akitafuta rimoti, pale mlango ulipogongwa. Aliutambua ugongaji huo mara moja. Hakuna mtu mwingine aliyegonga namna ile, kana kwamba mlango ndio uliomkosea.

"Hodi! Najua kuna mtu. Kandambili ziko hapa nje."

Mama mkwe.

Fundi alichomoka pale chini, akakimbilia chumbani, akavua bukta yenye tundu, akavaa suruali, akarudi mlangoni mkanda ukiwa bado unaning'inia. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mkewe, ambaye ni mfamasia, alikuwa ameondoka asubuhi na kumwachia agizo moja tu: apumzike. Naye alikuwa akilitekeleza kwa moyo wote.

"Shikamoo mama. Karibu ndani. Bahati mbaya mwenzangu yuko kazini mpaka jioni."

"Marahaba, mwanangu. Najua yuko kazini. Ndiyo maana nimekuja leo."

Akampita, akaenda moja kwa moja jikoni na kutua kikapu mezani. Ndani yake mlikuwa na matunda ya bustanini kwake: forosadi nyeusi zilizoiva hata zikawa zinapasuka zenyewe, stroberi ndogondogo zenye udongo kwenye vikonyo, na zile beri nyeusi za ua wa miiba, ambazo humchana mtu mikono kabla hazijakubali kuchumwa. Juu ya matunda, kwenye mfuko wa plastiki, kulikuwa na aproni mbili zilizopigwa pasi.

"Leo," alisema mama mkwe akimtupia aproni moja, "unanifundisha ile keki yako ya kijiko. Mwanzo mpaka mwisho. Na binti yangu asijue."

Fundi aliishika ile aproni kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kichanga cha watu. Maana ukweli ni kwamba fundi huyu hakuwahi kuoka keki ya kijiko, wala ya kisu, wala ya aina yoyote. Alichojua kuhusu oveni ni kwamba ni friji iliyokosea njia.

Uongo wenyewe haukupangwa. Mama mkwe alikuwa muuguzi mkuu kabla ya kustaafu, na kazi hiyo ilimwachia mazoea ya kumtazama kila mtu kama mgonjwa anayeficha dalili. Kwa mkwe wake dalili aliyoiona ilikuwa moja: mwanamume asiyejua kukaanga hata yai. Miaka ya mwanzo ya ndoa hakumwita jina lolote. Alikuwa "huyo", na siku nzuri, "huyo mwenzako". Kila akimpigia binti yake simu, swali la kwanza lilikuwa, "Umekula?" na la pili, "Kapika nani? Wewe tena?"

Siku moja binti, akiwa amechoshwa na swali hilo, alimpelekea mama yake bakuli la matunda yaliyookwa chini ya unga. Lilikuwa limetoka kwa jirani yao wa ng'ambo ya ngazi, mwanamke aliyeitwa Mama Vanila na jengo zima kwa sababu ya harufu iliyokuwa ikitoka kwake. Mama alipouliza nani kaoka, ulimi wa binti uliteleza: "Mume wangu."

Mama akala kijiko kimoja. Akalitazama bakuli. Akala kingine. Jioni ile alipiga simu na kuomba azungumze na mkwe wake. "Mwanangu," alimwambia, "mikono yako ina baraka."

Hapo ndipo fundi alipotakiwa kusema kweli. Alifungua kinywa ili aiseme. Kilichotoka ni, "Asante, mama."

Tangu hapo mabakuli yalikwenda moja baada ya jingine. Wakaipa jina la keki ya kijiko, kwa kuwa haikatiki vipande: chini matunda yanayochuruzika, juu unga ulioiva kahawia, ukitaka kula unachota. Mama Vanila alioka, binti alipeleka, fundi alisifiwa. Friji ya Mama Vanila ikawa inatengenezwa bure, na hata pale isipokuwa na ubaya wowote, fundi alikuwa akienda kuisikiliza tu, kama anavyofanya daktari mwenye deni la shukrani. Na hiyo "mwanangu" ilikuwa imemnogea.

Sasa mwalimu alikuwa ametakiwa darasani.

"Mama, nisamehe kidogo," alisema, "nanawa mikono."

Alijifungia bafuni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akampigia mkewe.

"Mama yako yuko hapa. Anataka nimfundishe keki ya kijiko."

Upande wa pili kikasikika kicheko kinachozibwa kwa kiganja. "Mwambie unaumwa."

"Kashanitazama macho nilipofungua mlango. Nikisema naumwa, ataniambia nitoe ulimi."

"Basi mwambie... tikisa vizuri kabla ya kutumia."

"Nitikise nini?"

"Siyo wewe, naongea na mteja. Sikiliza. Nampigia Mama Vanila sasa hivi. Wewe simama karibu na dirisha la jikoni na umtazame yeye. Utafanya anavyofanya."

"Mke wangu, hii siyo ngoma kwamba nifuatishe."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Jiko lao na jiko la Mama Vanila yalitazamana dirisha kwa dirisha, na katikati palikuwa na uwazi mwembamba wa kupitishia mabomba na hewa, ambao sauti zote za jengo zilikuwa zikikutana humo na kujuana. Fundi aliporudi alimkuta mama mkwe amekwisha kuosha matunda na kuyachuja. Ng'ambo, kichwa cha Mama Vanila kikachomoza, kimefungwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Akapandisha nyusi. Fundi akapandisha zake.

"Tuanze na nini?" aliuliza mama mkwe, mgongo wake ukiwa dirishani.

Mama Vanila alifanya kama anayemwaga kitu kutoka kwenye bakuli hewani.

"Tunamimina," alisema fundi.

"Tunamimina nini?"

"Matunda, mama. Kwenye bakuli la kuokea. Na sukari," aliongeza, kwa kuwa Mama Vanila sasa alikuwa amenyanyua pakiti ya sukari na kuigonga kwa kidole. Kisha akanyanyua limau. Kisha kijiko cha unga. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba fundi akaanza kuvimba kichwa. "Kijiko cha unga," alieleza, "ni ili ile juisi yake iwe nzito, isije ikawa supu." Hilo alilibuni papo hapo, na kwa bahati ndivyo lilivyo.

"Sasa huu unga wa juu. Siagi naiyeyusha?"

Fundi alitupa jicho dirishani. Mama Vanila hayupo. Kitu kilikuwa kikipiga king'ora jikoni kwake, naye amekwenda kukizima. Fundi alijikuna shingo. Alihitaji kupoteza muda, na katika dunia nzima kulikuwa na jambo moja tu aliloweza kulizungumzia bila kutafuta maneno.

"Siagi, mama, hatuyeyushi," alisema kwa sauti nzito. "Siagi lazima iwe baridi. Baridi kabisa." Akafungua friji, akaiweka kwenye friza ya juu, akafunga mlango, akauegemea. "Watu wengi wanadharau ubaridi. Friji ikiwa na raba mbovu mlangoni, hewa moto inaingia, mashine inafanya kazi usiku na mchana, na wewe unalaumu umeme. Raba tu! Ukitaka kujua, chukua karatasi, ibane mlangoni, ivute. Ikitoka kirahisi..."

Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mama mkwe alimsikiliza, mikono imekunjwa, akiwa na uso wa mtu anayejaribu kuona raba itaingiaje kwenye keki. Mwishowe kitambaa cha rangi ya chungwa kikarudi dirishani, na fundi akaitoa siagi haraka, ngumu kama tofali.

Mama Vanila akasugua vidole vyake kwa vidole. Fundi akamwiga: siagi na unga, na chumvi kidogo, na bekingi poda, vikasuguliwa kwa ncha za vidole mpaka vikawa kama chenga. Maziwa yakaingia. Mama Vanila akaonyesha kukoroga kidogo, kisha akapunga mkono kwa nguvu, kulia na kushoto: basi, acha, usiendelee.

Fundi, kwa adabu, akampungia naye.

"Unampungia nani?" mama mkwe aligeuka.

"Nzi, mama. Nafukuza nzi."

Mama mkwe akatazama dirishani. Hapakuwa na mtu, kwa kuwa Mama Vanila alikuwa ameshachuchumaa.

Tatizo lilikuja kwenye hatua ya mwisho. Mama Vanila alipoibuka tena alianza kuonyesha namna ya kuuweka unga juu ya matunda: kijiko huku, kijiko kule, madonge madonge, yakiachiana nafasi. Lakini jua lilikuwa limeshahamia kwenye kioo chake, na kutoka alipokuwa fundi ulionekana mkono tu ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Fundi akaelewa kivyake. Akauchukua unga wote, akautandaza, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko, akachovya kijiko kwenye maziwa na kuusawazisha tena. Kingo akazibana kwa kidole gumba zisivuje, kazi safi, kama anavyoziba friji. Pakawa laini kama ukuta uliopigwa lipu na fundi anayejipenda. Ng'ambo, Mama Vanila alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mbona zile zako zilikuwa na vilimavilima?" aliuliza mama mkwe.

"Hii ni ya wageni," alijibu fundi, na kuiingiza ndani ya oveni.

Mwanzoni jiko lilinukia vizuri. Mama mkwe alivuta kiti, akaketi, akawa anaitazama saa ya ukutani mara nyingi kuliko keki inavyohitaji. Kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayesukutua. Kisha pff. Kisha pwaa! Ile juisi, iliyokosa pa kupumulia, ilikuwa imeupasua ukuta katikati na kuruka mpaka kwenye dari la oveni. Moshi mtamu wa sukari inayoungua ukajaa jikoni. Fundi alifungua mlango wa oveni, jambo ambalo halikusaidia, akalidaka lile bakuli kwa taulo na kulitua kwenye sinki, huku vitone vya zambarau vikimfuata sakafuni, kwenye aproni, kwenye shavu.

Ndipo uvumilivu wa Mama Vanila ulipokatika.

"Nilikwambia madonge!" sauti yake ilivuka ule uwazi na kupanda mpaka ghorofa ya juu. "Madonge! Nani alikwambia upige lipu?"

Mahali fulani juu yao mtu alifunga dirisha taratibu, ili asikie vizuri zaidi kupitia lile jingine.

Mama mkwe aligeuka kumtazama Mama Vanila. Akamgeukia mkwe wake. Akarudi kwa Mama Vanila.

"Na ile ya kwanza niliyoletewa?" aliuliza.

"Yangu, mama," alisema Mama Vanila kwa sauti ndogo.

"Na ya wakati ule nina mafua?"

"Yangu."

"Na ile yenye maganda ya limau, ambayo huyu alinieleza kwenye simu kwamba ameota ndotoni ayaweke?"

Mama Vanila alimtazama fundi. "Ndotoni?"

Fundi aliona heri sakafu ipasuke. Alisubiri karipio, karipio la muuguzi mkuu, lile ambalo mkewe alimsimulia kuwa liliwahi kumfanya daktari mzima arudi kunawa mikono upya. Halikuja. Mama mkwe aliketi, akakunja pindo la aproni yake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sasa Mheshimiwa nitamwambia nini?" alisema.

"Mheshimiwa gani, mama?"

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, fundi alimwona mama mkwe akitafuta maneno. "Jirani yangu. Alikuwa hakimu, amestaafu. Mkewe alifariki zamani. Mti wa hizi forosadi ni wake, ila tawi moja limeingia kwangu. Tukagombana sana nani avune. Mwisho akaja mlangoni amefunga tai, akasema ametoa hukumu: 'Mti ni wangu, tawi ni letu, matunda ni yako.'" Alitabasamu, kisha akalikamata lile tabasamu kama aliyeshikwa akiiba. "Basi tukawa tunaongea. Sasa anataka kuwafahamu watu wangu. Anakuja hapa alasiri."

"Hapa? Leo?"

"Na nimemwambia mkwe wangu anaoka hakuna mfano. Kila bakuli mliloniletea alikula nusu."

Fundi akaketi naye. "Na mwenzangu hajui lolote?"

"Nitamwambiaje? Nikianza tu, atanitajia marehemu baba yake. Wewe huna makelele. Nikasema tukishinda pamoja jikoni, tukacheka kidogo, nitapata moyo wa kukuomba ukae upande wangu nitakapomwambia." Akaitazama ile keki iliyolipuka ndani ya sinki. "Ndilo nililolifuata. Keki ilikuwa kisingizio."

Maneno hayo yalimwingia fundi. Miaka yote alimwona mama huyu kama mkaguzi, na kumbe leo alikuja kuomba msaada, na aproni akapiga pasi.

"Mama," alisema, "upande wako nipo. Hata bila keki."

"Keki ipo!" ilisema sauti mlangoni. Mama Vanila alikuwa ameshavuka ngazi, mikono kiunoni. "Matunda yamebaki nusu kikapu. Alasiri bado. Lakini mimi sigusi kitu. Mtafanya wenyewe, nami nitasimama hapa niwapigie kelele."

Akafanya kama alivyosema. Alisimama katikati ya jiko, mikono nyuma, akitoa amri. Fundi alisugua siagi, mama mkwe alipima sukari kwa macho ya mtu aliyezoea kupima dawa. "Usikande! Unauonea! Koroga mpaka ushikane tu, basi. Hata ukiwa na vijidonge uache, hauendi harusini." Kitu pekee Mama Vanila alichokigusa, kwa kidole kimoja, ni siagi, naye akashangaa. "Hii baridi ya siagi nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa napoteza muda."

"Basi poteza kila siku. Ndiyo inayofanya unga uwe mwepesi."

Mama mkwe ndiye aliyeweka madonge. Aliyaweka kwa kijiko, moja hapa, moja pale, matunda yakichungulia katikati, akarudi nyuma kuyatazama, akasogeza moja kidogo. "Pumua," aliliambia. Safari hii oveni ilitoa sauti ndogo tu ya kuchemka, na kingo zikaanza kububujika zambarau nzito. Mama Vanila aliwakataza kuigusa hata ilipotoka. "Iacheni itulie. Mtaungua ndimi mshindwe kujieleza."

Mheshimiwa alifika wakati fundi bado anasugua sakafu. Fundi alikuwa amejiandaa kwa jitu. Mlangoni alisimama mzee mwembamba, mfupi, tai imenyooka, na kikapu kingine cha forosadi mkononi. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ya jitu.

"Habari za hapa! Ndiye mwokaji huyu?"

Fundi alimtazama mama mkwe. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Mwambie ukweli. Huyu kasikiliza uongo maisha yake yote kazini. Wetu atauona kabla hajaketi."

Fundi akapiga moyo konde. "Mheshimiwa, nakiri kosa. Sijawahi kuoka mpaka leo. Ile ya kwanza imelipuka, iko kwenye sinki. Ya pili ameoka mama, nami nilisaidia. Zote ulizokula ni za jirani huyu hapa."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kidogo. Kisha akaweka kikapu chini. "Leteni vielelezo vyote viwili."

"Hata iliyoungua?"

"Mahakama haiwezi kuamua kwa kusikia upande mmoja."

Wakaketi wote wanne. Mheshimiwa alionja ya mama mkwe, akafumba macho, akatafuna polepole mpaka mama mkwe akaanza kukereka. "Sema basi!"

"Nakula, siyo nasoma hukumu," alijibu, akachota tena. Kisha akavuta lile bakuli la msiba na kuanza kubandua sukari iliyogandia kingoni. Ikawa inalia chini ya meno yake kama kokoto. "Mwokaji namwachia huru," alisema. "Hii iliyoungua nzuri zaidi pembeni."

Mama Vanila alicheka mpaka akashika ubavu. Mama mkwe alicheka naye, meno yake yote ya zambarau, na fundi akagundua kwamba hakuwahi kuyaona meno ya mama mkwe wake.

Hivyo ndivyo mfamasia alivyowakuta. Alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema, maana ujumbe wa mwisho wa Mama Vanila ulisema, "Kuna moshi lakini hakuna aliyekufa." Alisimama mlangoni, mkoba begani, akimwangalia mama yake, akimwangalia yule mzee wa tai, ambaye alikuwa amesimama kwa heshima akiwa bado na kijiko mkononi.

"Mama? Huyu ni nani?"

Mama Vanila alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni kwake, akaondoka. Fundi aliinuka, akavuta kiti, akampokea mkewe mkoba.

"Keti kwanza, mke wangu. Mama ana jambo la kukwambia. Mimi nimeshalisikia, na ni jambo zuri."

Mama mkwe alimwambia. Alimwambia bila kuzunguka, kama mtu anayebandua plasta: jirani, mforosadi, mazungumzo, na kwamba hataki kuishi akiongea na redio. Binti alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Machozi yalimlenga. Fundi akadhani sasa atamtaja baba yake, na mama mkwe naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameshajikaza mabega.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Tangu mwaka jana. Alhamisi huwa anakuja tunakunywa chai."

"Alhamisi? Si ndiyo siku yako ya kliniki ya magoti?"

Mama mkwe alitazama dari.

"Mama! Nimekuwa nikikuletea dawa za magoti mwaka mzima! Za nini kama magoti hayaumi?"

"Nampa Mheshimiwa," alisema mama mkwe. "Yake yanauma kweli."

"Zinanisaidia sana," alisema Mheshimiwa kwa ile sauti yake kubwa. "Nilitaka siku moja nikushukuru."

Binti aliuachia ukingo wa meza. Kisha kikamtoka kicheko, kile kile cha asubuhi kwenye simu, ila safari hii hakukiziba. Kilichanganyika na kilio kidogo, na mama yake akainuka na kumshika kichwa kifuani kwake, aproni na madoa yake yote. Fundi na Mheshimiwa wakawa wanatazama keki kwa umakini mkubwa.

Walipokuwa wanaondoka, mama na Mheshimiwa wakiteremka ngazi polepole, kila mmoja akijifanya anamsubiri mwenzake, binti aliinama juu ya kizuizi cha ngazi. "Mheshimiwa! Zile dawa usizinywe tumbo likiwa tupu!"

"Nitakula keki kwanza!" ilirudi sauti kutoka chini.

Haikuwa rahisi moja kwa moja. Wiki iliyofuata mfamasia hakumpigia mama yake simu kwa siku kadhaa, na siku moja fundi alimkuta amekaa na picha ya baba yake mapajani. Alikaa tu karibu naye. Jumapili mfamasia akaamka mwenyewe, akasema anakwenda kumwona mama, na kama mzee yupo basi yupo. Alikuwepo. Aliporudi alisema yule mzee anapika vibaya sana lakini anaosha vyombo bila kuambiwa, na fundi akaelewa kwamba hiyo ni alama ya juu, na kwamba maneno hayo yalikuwa pia yanamgusa yeye.

Kwa hiyo siku yake ya mapumziko iliyofuata fundi alikwenda kununua siagi. Alioka peke yake, dirisha la jiko akilifunga pazia ili Mama Vanila asimsaidie. Madonge yalikaa vizuri, rangi ikawa nzuri, kingo zikabubujika kama inavyotakiwa. Akaipeleka kwa mama mkwe ikiwa bado ya moto, amekumbatia bakuli kwa taulo.

Mama mkwe alionja, akatafuna, akameza kwa shida.

"Sukari uliweka lini?" aliuliza.

Fundi alifikiri. Aliikumbuka pakiti ya sukari, mahali ilipokuwa mezani, na jinsi ilivyokuwa bado imefungwa alipotoka nyumbani.

"Ingia ndani," alisema mama mkwe, akifungua mlango wazi. "Mheshimiwa, lete asali! Mkwe wangu kaoka mwenyewe."